Kalamu ya Kutia Saini

Mjomba Raimo hakerezi mti.
"Mti husamehe," asema. "Ukikosea
unakuangushia maranda, unaanza upya.
Hii haisamehi."
Na hii ni kipande cha resini, rangi ya ziwa mwezi Februari,
chenye mishipa ya unga wa fedha,
alichokimimina Jumanne ndani ya boksi la maziwa lililokatwa,
kikagandia juu ya friji.

Thunder Bay, hasi ishirini na sita.
Hita ya banda inakohoa kuliko yeye.
Anakitia kipande kwapani, ndani ya koti,
kama mtu aliyeiba yai:
resini ya baridi ikiguswa na chuma huwa kioo.

Miaka thelathini na minne alitengeneza karatasi.
Mashine namba tano, zamu ya usiku,
maili kwa maili za weupe zikimpita mbele ya macho
bila neno hata moja juu yake.
Kiwanda kilipofungwa walimpa saa ya ukutani.
Aliiuza, akanunua kerezo.

Cha kwanza kilipasuka kwenye keekee.
Tundu halijafika mwisho, ta!
upande mmoja ukaruka ukagonga kopo la misumari.
Akatamka neno la Kifini
ambalo mama alinikataza kulijifunza.

Cha pili kilimfikisha mbali.
Bomba la shaba lilikaa, gundi ikashika,
pembe nne zikaliwa zikawa mviringo,
na tepe zikachomoka patasini, ndefu, nyeupe, zenye umeme,
zikamganda mikononi, ndevuni, nyusini,
akawa kondoo anayejinyoa mwenyewe.
Ulibaki unene wa ukucha.
Nami nikauliza swali, la kijinga, silikumbuki tena,
kikafumuka chote,
bomba likabaki uchi, likizunguka, likizunguka.

Hakunigombeza. Alizima mashine.
Akapiga magoti na tochi kutafuta vigae chini ya meza,
akavipanga kiganjani, akaviangalia,
akavitupa.

Kalamu ilikuwa ya saini moja tu.
Nyumba imepata mnunuzi, wenzi vijana wa Winnipeg,
banda likiwamo.
Tangu Aune afe ngazi zimeongezeka, asema;
kuna mtu huja usiku anaongeza moja.

Cha tatu alikianza alfajiri, sikuitwa.
Nilimkuta ananoa patasi, anakata kidogo, ananoa tena.
"Usiisukume," alisema. "Iache ije."
Sikujua anamwambia nani.
Kisha msasa na maji, wa kukwaruza, wa kulamba,
mpaka ule wa mwisho, ambao kidole hakiujui kama ni msasa,
na ziwa likafunguka ndani ya kile kijiti,
na fedha yake ikaelea chini.

Ijumaa, ofisini kwa wakili, mjomba alivaa tai.
Kalamu ilikuwa mfukoni, ndani ya soksi safi.
Bi Desrosiers akamsogezea kibao cha kioo.
"Hapa, Bwana Kuusela. Kwa kidole tu."

Kidole kilikuwa na plasta. Kioo kikakikataa.
Akajaribu kingine.
Jina lake likatoka limepinda kama waya wa seng'enge,
na nyumba ikaondoka.

Garini hakusema kitu hadi darajani.
Halafu akacheka. Akacheka
mpaka nikaegesha pembeni ya barabara.

Usiku ule, juu ya meza tupu ya banda,
alitoa karatasi iliyopata umanjano, ya mashine namba tano,
akajaza wino, akawaandikia wageni:

Mlango huu hukwama theluji inapoyeyuka.
Msiupige teke.
Uinueni kidogo, ndipo msukume.

Akapuliza wino ukauke.
Kalamu akailaza juu ya karatasi,
isije ikapeperuka.